Huduma ya kutunza makaburi ya ukoo Dodoma, nimewatumia mwaka na kidogo

Mimi naishi Dar, makaburi yetu yapo Veyula, kalala babu, bibi, na mzee wangu tuliyemzika Septemba 2024. Kule kabaki shangazi tu na magoti yake hayataki tena jembe, ikabidi nichukue vijana wanaotunza makaburi, elfu arobaini kwa mwezi, wanapalilia, wanamwagilia, wanatuma picha WhatsApp.

Palizi wako vizuri, hapo siwadai kitu. Kwa asiyeijua Dodoma, adui yetu ni mbigili. Mvua zikianza Desemba inatambaa chini kama mkeka, ina viua vya njano vizuri tu, ukizubaa ikatoa miba umekwisha maana ile miba ndo mbegu yenyewe, inang'ang'ania kwenye kandambili unaibeba mwenyewe unaenda kuipanda kaburi la jirani. Hawa vijana hawafyeki juu juu, wanaing'oa na mzizi mwezi wa kwanza kabla haijazaa, wanaijaza kwenye kiroba wanaenda kuchoma mbali. Shangazi huwa anavua viatu akifika kwa kaka yake, na mwaka jana alivua akatembea mpaka mwisho bila kuruka ruka.

Halafu mimi nilikuwa na haraka ya kujengea kaburi la mzee, hesabu ya saruji na tailizi nishapiga, kijana mkubwa akaniambia kaka subiri mvua zipite, udongo haujashuka. Nikanuna kidogo nikadhani hataki kazi iende kwa fundi mwingine. Machi likatitia upande wa miguuni, kiganja kizima kinaingia, ningejenga saa hizi lingekuwa na ufa katikati.

Sasa nyasi. Hapa ndo walinipiga, au tulijipiga wote sijui. Wakanishawishi tuweke zile za pemba kama za hotelini, laki na themanini mpaka kupandwa. Hadi mwezi wa nne kijani tupu kila mtu anasifia, mvua ikakata, na Dodoma mvua ikikata ndo mpaka Desemba nyingine, ukaja na ule upepo wa mwezi wa saba, madumu mawili mara mbili kwa wiki ardhi inayanywa hata dumu hujaliweka chini. Zikawa kama ufagio wa chelewa. Na pembeni hapo kwa bibi kuna ukoka uliojiotea tu, nao ulikauka juu lakini mzizi uko hai, tone la kwanza huo umerudi. Mtu wa bustani Dodoma alitakiwa aniambie hilo kabla hajapokea hela.

Kilichoniudhi zaidi ni Agosti, nikatumiwa picha nyasi zinang'aa, nikairusha grupu la familia kwa mbwembwe. Shangazi akapiga, "Mwanangu hiyo picha ya lini? Hilo shada la plastiki si nilishalitoa wiki ya Pasaka, mbuzi walilitafuna!" Kumbe picha ya mwezi wa tatu. Nikampigia kijana, kimya kwanza, afu akasema kaka niliogopa utasema nimeziua mimi. Akarudisha elfu arobaini ya mwezi ule bila kuvutana.

Mbuzi walimaliza na mawaridi yote, bogenvilia ndo zimepona. Uzio tumeweka minyaa, mbuzi hawaigusi, ila ukiikata angalia utomvu usikuingie machoni, utalia kuliko siku ya msiba.

Sijawaacha. Tumekubaliana ukoka tu na bogenvilia, elfu thelathini, na kila picha shangazi awemo. Ya juzi kakalia ndoo, kaipa kamera mgongo, anang'oa kitu.