Ukaguzi wa michoro ya kuta za lifti, Dodoma: nyota nne

Kama una ghorofa unajenga Dodoma na mchora ramani wako kasogeza ukuta mmoja ili apate mlango mzuri, hii ofisi ya mama injinia pale Area C itakufaa. Nawaelezea kazi waliyotufanyia.

Jengo letu lina ghorofa 9. Ukuta wa lifti una unene wa sentimita 35, ukuta wa ngazi sentimita 25, katikati ni mlango wa mita 1.1 na juu yake bimu ya kuunganisha kuta hizo mbili. Shida ni kwamba kuta hazitazamani, zimepishana kabisa hadi inabaki nafasi ya sentimita 10 kati ya nyuso zake. Mchoro tuliokuja nao ulinyoosha bimu na ukuta wa lifti, na upande wa ngazi ikapita hewani. Nondo zingeshika nini?

Mama hakukimbilia kuongeza nondo. Kwanza alipiga hesabu bila bimu, kila ukuta usimame kivyake, akaona jengo linayumba mno upande ule. Bimu ikabaki. Akatuchorea kichwa cha ukuta wa ngazi, yaani ncha yake ya upande wa mlango, chenye unene wa sentimita 70, kuanzia msingi hadi paa, ili bimu izame ndani ya zege badala ya kusokotwa. Akaongeza na nondo za slabu (sakafu ya zege) kila ghorofa pale pale, maana mzigo bado unaingia kando ya mstari wa ukuta na slabu ndiyo inayouzuia usipinde ubavuni.

Bimu ina kina cha sentimita 70, fupi kuliko mara mbili ya kina chake, kwa hiyo akaweka nondo za mshazari zinazokatana kama X: nne za milimita 20 kila mshazari. Nilimuuliza kama ringi nyingi, zile nondo nyembamba za kuzungushia bimu, hazitoshi. "Mwanangu, hapa tuko kwenye Bonde la Ufa," akasema, yaani matetemeko yapo, akanieleza majengo ya Anchorage, Alaska, kwenye tetemeko la ardhi la mwaka 1964, bimu zake zilivyopasuka mshazari, na Paulay, injinia wa New Zealand aliyekuja na dawa hii baadaye.

Kilichonifurahisha zaidi ni karatasi moja ya mpangilio wa kusuka nondo: mshazari upi unatangulia, upi unapita ndani, ringi zinafungwa lini, vaibreta (mashine ya kushindilia zege) inashukia wapi. Fundi nondo wangu, ambaye huwa hasomi mchoro wa mtu, aliibandika ukutani. Fundi umeme alitaka kupitisha bomba katikati ya bimu. Mama alikuja saiti mwenyewe akamhamishia kwenye dari.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu simu hawapokei baada ya saa nane mchana, na maandishi ya vipimo ni madogo mno kwenye karatasi ya A3. Waambie wakuchapie kwenye A1, ambayo ni kubwa zaidi. Bei si ya kitoto, ila kuja saiti hawadai zaidi.