Kurekodi bendi nzima kwa kompyuta: uzoefu wangu na Behringer XR18

Bendi yetu hupiga bango, muziki wa hapa hapa Mombasa ambao jina lake haliachani na la Mzee Joseph Ngala wa Freretown. Bango halirekodiki vipande vipande. Dramu, besi na gita la ridhimu lazima vishikane palepale, wachezaji wakitazamana. Ukimrekodi mpiga dramu leo na mpiga besi wiki ijayo, utapata noti zote sahihi na wimbo ambao hakuna atakayeinuka kuucheza. Basi nilipokabidhiwa kazi ya kutafuta mitambo ya kurekodia, sharti lilikuwa moja: watu wote wapige kwa pamoja, na kila ala iingie kwenye kompyuta kwa treki yake peke yake, yaani rekodi yake iliyotengwa na za wengine. Niliishia kuchagua Behringer XR18, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) inayoendeshwa kwa skrini.

Sharti hilo linafagia vifaa vingi vilivyopangwa madukani, na afadhali lifagie mapema kabla pesa hazijatoka mfukoni. Kuna mikisa nyingi zilizoandikwa USB ambazo zina matundu manane au kumi ya maiki, lakini kinachofika kwenye kompyuta ni treki mbili tu, kushoto na kulia. Saksofoni ikishachanganyika humo na sauti ya mwimbaji, imechanganyika. Hutaweza tena kuipandisha peke yake. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Inapeleka treki ngapi kwenye kompyuta kwa wakati mmoja?" Zipo mikisa za mtindo wa kawaida zinazopeleka kila chaneli kivyake, kwa mfano Soundcraft Signature 12 MTK, na hizo herufi MTK ndizo zinazoitofautisha. Muuzaji akijibu kwa kuzungukazunguka, fungua kitabu cha maelezo ujisomee.

Namba zilizo kwenye majina nazo zahitaji kusomwa kwa makini. Focusrite Scarlett 18i20 ni intafesi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) nzuri, nimeisikia ikifanya kazi safi sana, lakini ile 18 si maiki 18. Matundu ya maiki ni manane. Nane nyingine zinaingia kwa kebo ya mwanga iitwayo ADAT, na mbili kwa S/PDIF, njia nyingine ya sauti ya kidijiti. Kwa mtu anayerekodi dramu pekee au kwaya ndogo, manane yanatosha kabisa. Kwa bendi kamili yanaishia kwenye dramu na ngoma.

Wengi wamenishauri ninunue intafesi mbili ndogo za bei nafuu nizichomeke zote kwenye kompyuta moja. Kwenye Windows, programu ya kurekodi kwa kawaida huzungumza na draiva moja tu ya ASIO (programu inayounganisha kifaa cha sauti na kompyuta) kwa wakati mmoja. Kwenye Mac unaweza kuziunganisha ndani ya mfumo zikaonekana kama kifaa kimoja, lakini kila moja ina saa yake ya ndani inayopanga mwendo wa kurekodi, na saa mbili zisizofungwa pamoja huachana polepole kadiri wimbo unavyokwenda. Hiyo si njia ya kurekodia bendi.

Kwa hiyo nilichukua karatasi nikaorodhesha kila kinachotoa sauti pale tunapofanyia mazoezi Kisauni. Dramu peke yake inakula chaneli sita: moja ya dramu ya mguu, moja ya sneya, mbili za tomu, mbili za juu kwa ajili ya matoazi. Ngoma za mkono mbili. Besi moja, magita mawili, saksofoni moja, waimbaji watatu. Hapo ni kumi na tano. Kinanda ni stereo, kwa hiyo mbili zaidi. Na mimi binafsi siwezi kurekodi bila maiki moja ya chumba, iliyosimama mbali ikisikiliza kila kitu kwa pamoja, kwa sababu ndiyo inayoshika ule uhai wa watu kupiga mahali pamoja. Jumla ni kumi na nane.

Behringer XR18 inapokea hizo hizo. Ina priampu (vikuza sauti) 16 za maiki zilizobuniwa na kampuni ya Midas, na matundu mawili ya laini ya ziada, 17 na 18, ambako kinanda kinakaa bila kupoteza nafasi ya maiki. Chaneli ya kwanza na ya pili zinaweza kupokea gita au besi moja kwa moja, kwa hiyo hatukulazimika kununua kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia ala kwenye tundu la maiki, kwa ajili ya besi. Zote kumi na nane zinakwenda kwenye kompyuta kwa kebo moja ya USB, kila moja na treki yake, na nyingine kumi na nane zinaweza kurudi.

Lakini matundu siyo yaliyonifanya niichague. Kilichonifanya niichague ni masikio ya wachezaji.

Mtu akisoma habari za kurekodi atakuta kurasa nyingi juu ya kinachoingia, na mstari mmoja au miwili juu ya kinachotoka. Kwa bendi inayopiga kwa pamoja, kinachotoka ni nusu ya kazi. Mzee wetu wa saksofoni aliniambia mapema kabisa, "Mwanangu, mimi nikisikia matoazi tu, sipigi. Nipe besi na sauti ya mwimbaji." Mpiga dramu naye anataka besi na gita la ridhimu, saksofoni hata akiikosa si neno. Mwimbaji anataka kinanda ili asitoke kwenye ufunguo. Ukiwapa wote mchanganyiko mmoja kwenye hedifoni, kila mmoja atapiga kwa kubahatisha, na kubahatisha kunasikika kwenye rekodi hata kwa mtu asiyejua muziki.

XR18 ina njia sita za aux, yaani za kutolea sauti kwa wachezaji, na kila moja ina mchanganyiko wake kamili. Nimeweka kikuza sauti kidogo cha hedifoni kwenye kila njia, maana aux zenyewe hazisukumi hedifoni. Wachezaji wenye mahitaji yanayofanana wanagawana njia moja: waimbaji wanasikiliza mchanganyiko mmoja, magita mawili mwingine. Mzee ana wake. Kisha kuna jambo ambalo limepunguza kelele za "nipandishie, nishushie": kila mwenye simu au tableti anaweza kufungua programu ya mikisa na kurekebisha anachosikia bila kugusa kinachorekodiwa. Tunaunganisha kupitia ruta ya nje, mikisa ikiwa imechomekwa kwa waya, kwa kuwa vifaa ni vingi na mtaa una Wi-Fi za kila nyumba.

Tena mchanganyiko huo unafanyika ndani ya mikisa yenyewe, haupiti kwenye kompyuta. Sauti ikienda kwenye kompyuta na kurudi huchelewa. Ukiweka bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 256 kwa kiwango cha 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 5.3 kwa upande mmoja tu, kabla ya kuongeza ucheleweshaji wa draiva na vigeuzi. Mwimbaji anayesikia sauti yake kwenye hedifoni huku akiisikia pia fuvuni mwake atautambua mapema sana. Kwa XR18 ninaweza kuweka bafa kubwa, kompyuta ikapumua, na hakuna mchezaji anayejua.

Intafesi kama 18i20 nayo inaweza kutengeneza michanganyiko ya moja kwa moja, nisiionee. Tofauti ni kwamba kwa bendi inayofanya harusi mwishoni mwa wiki, XR18 inabebwa begani ikawa ndiyo mikisa ya jukwaani. Kifaa tulichokizoea mazoezini ndicho tunachokwenda nacho Mtwapa au Likoni, mipangilio ikiwa imehifadhiwa ndani, na tukitaka tunarekodi onyesho lenyewe. Bendi chache zina uwezo wa kununua mitambo miwili.

Kuna mambo mtu ayajue kabla. XR18 haina vitelezi vya kushika kwa mkono. Kila kitu ni kwenye skrini. Fundi aliyezoea mikisa ya zamani atahitaji muda wa kuzoea, na tableti iliyoishiwa chaji katikati ya kazi ni balaa. Pia hairekodi treki nyingi yenyewe, lazima kompyuta iwepo na iwe nzima. Anayetaka kurekodi bila kompyuta aitazame Zoom LiveTrak L-20: ina matundu 16 ya maiki, inaandika kwenye kadi ya SD, ina vitelezi vya kushika, na njia sita za kusikilizia. Ningekuwa sina kompyuta ya kuaminika, ningeichukua hiyo bila kusita. Na XR18 inaishia 48 kHz. Kwa kazi yetu hilo halinisumbui hata kidogo. Maiki ya saksofoni iliyowekwa barabara mahali pake inaleta faida kubwa kuliko kupanda hadi 96 kHz.

Kompyuta yenyewe haihitaji kuwa ya kifahari. Treki moja ya biti 24 kwa 48 kHz inachukua kama megabaiti 8.6 kwa dakika. Treki 18 kwa saa nzima ni zaidi kidogo ya gigabaiti 9. USB 2.0 inabeba mzigo huo bila jasho, na diski ya SSD ya kawaida haiuhisi. Kazi nzito ni ya baadaye, wakati wa kuchanganya, ukianza kupakia vionjo vya sauti, kama mwangwi, juu ya kila treki. Hapo ndipo RAM ya GB 16 inaposaidia. Mimi natumia programu ya kurekodi iitwayo Reaper. Inakuruhusu kuijaribu siku 60, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, ambayo inaweza kuwa ndogo kuliko bei ya stendi mbili nzuri za maiki. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO ya mikisa. Kwenye Mac huhitaji draiva. Zima Wi-Fi ya kompyuta inayorekodi, na usijaze treki hadi taa nyekundu. Kwa biti 24, wastani wa desibeli 18 chini ya kilele ni salama kabisa, na mpiga dramu akipata moto kwenye kibwagizo bado kuna nafasi.

Kwenye programu ya mikisa, chagua USB ichukue sauti mbichi kutoka kwenye priampu, kabla ya ikwalaiza na vionjo. Hivyo naweza kupamba sauti ya hedifoni nipendavyo huku treki zikibaki safi. Baada ya mazoezi narudisha treki zile zile kwenye chaneli zake na kupanga sauti ya jukwaani wakati wenyewe wameshakwenda nyumbani.

Bajeti isiishie kwenye mikisa. Maiki, stendi na kebo za XLR vikijumlishwa vinaweza kuzidi bei yake. Shure SM57 kwa sneya na magita, SM58 kwa waimbaji, maiki mbili za kondensa (zinazohitaji umeme kutoka kwenye mikisa) zinazofanana kwa juu ya dramu; volti 48 za kondensa unaziwasha kwa chaneli moja moja. Za bandia zimejaa sokoni. SM58 halisi ina gramu 298 na SM57 gramu 284, kwa hiyo nimezoea kuomba mizani ya sonara kabla ya kulipa maiki iliyotumika. Uzito sahihi si ushahidi kamili, ila uzito pungufu ni sababu ya kuondoka. Ukiagiza kutoka nje, hesabu ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kufurahia bei.

Halafu kuna Mombasa yenyewe. Hewa ya chumvi inakula vichwa vya kebo, na unyevu unaharibu kondensa. Zangu zinalala kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, na kebo nazifuta kila baada ya kazi. Stima ikipotea katikati ya wimbo, mikisa na ruta zinabaki hai kwa UPS, na kompyuta ina betri yake. Mitambo yote ya sauti tunaichomeka kwenye chanzo kimoja ili kupunguza ule mvumo wa hezi 50 unaoletwa na njia mbili za waya wa ardhi (earth). Panka huzimwa kila tukianza kurekodi. Joto tunalivumilia kwa dakika tano. Tunaanza baada ya sala ya isha, tuktuk zikiwa zimepungua.

Kwa chumba cha matofali na mabati kama chetu, mikeka sakafuni na magodoro ukutani nyuma ya dramu yamefanya kazi kubwa. Maiki ya kadioidi haisikii vizuri mgongoni kwake, kwa hiyo ya saksofoni naielekeza ili mgongo uitazame dramu. Zile mbili za juu ya dramu nazipima kwa uzi ziwe na umbali sawa hadi kwenye sneya, maana sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, na tofauti ndogo inatosha kuifanya sneya isikike nyembamba.

Ambaye tayari ana intafesi ya matundu manane yenye ADAT hana haja ya kuiuza. Behringer ADA8200 inaongeza maiki nane kwa kebo moja ya mwanga, na kompyuta inaona kifaa kimoja tu. Fanya kazi kwa 44.1 au 48 kHz, kisha weka chanzo cha saa cha intafesi kiwe ADAT. Ukisikia mikatiko midogo midogo kwenye rekodi, anza kutafuta hapo kwenye saa kabla hujailaumu kebo.