Kusoma Zama za Kati na Renaisansi mtandaoni: uanzie wapi, ulipie nini

Kabla hujatoa hata shilingi, fahamu kwamba hazina kubwa ya historia ya Ulaya ya Zama za Kati (takriban mwaka 500 hadi 1500) iko bure. Utakachotumia ni bando na muda. Nimepanga tovuti hizi kwa kuangalia mambo mawili: zinakula bando kiasi gani, na zinakufikisha karibu kiasi gani na watu wa enzi zile.

1. Internet Medieval Sourcebook (bure). Hii ndiyo ya kwanza kwangu, bila kusita. Ni mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Fordham, Marekani, ulioanzishwa na Paul Halsall mwaka 1996, na sura yake bado ni ya miaka ile: maandishi na viungo tu. Ndiyo maana unafunguka upesi hata kwenye simu ndogo. Humo utamkuta Boccaccio, mwandishi wa Italia, akieleza tauni ya 1348 mjini Florence: uvimbe unaota kinenani au kwapani, mwingine mkubwa kama tufaha, mwingine kama yai. Mara ya kwanza kuusoma ukurasa ule niliweka simu chini, nikakaa kimya. Humo pia mna sehemu za safari za Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kasoro yake ni kwamba tafsiri nyingi ni za zamani na Kiingereza chake kigumu. Soma taratibu.

2. Open Yale Courses (bure). Ni kozi za Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Tafuta mihadhara 22 ya profesa Paul Freedman kuhusu miaka 284 hadi 1000. Achana na video. Pakua sauti usikilize kwenye daladala, kisha usome maandishi ya mhadhara ukifika nyumbani. Renaisansi, yaani mwamko wa sanaa na elimu uliofuata Zama za Kati, haimo.

3. JSTOR (bure, au kwa malipo). Ni maktaba ya mtandaoni ya makala za wataalamu. Ukijisajili bila malipo unasoma makala hadi 100 kwa mwezi, mtandaoni tu. Zinatosha kabisa kwa mtu anayejisomea. Kama uko chuoni, muulize mkutubi kwanza, maana taasisi nyingi za Afrika zina njia ya kuingia ambayo wanafunzi wenyewe hawaijui. JPASS, ile ya kulipia, nunua pale tu unapohitaji kupakua makala, na ununue ya mwezi mmoja.

4. Gallica na DigiVatLib (bure). Hati za mkono za maktaba ya taifa ya Ufaransa na ya Vatikani, ukurasa kwa ukurasa. Ni nzuri mno, lakini picha ni nzito. Zifungulie penye waifai.

5. Iter (kwa malipo). Ni orodha ya mtandaoni ya vitabu na makala, iko Toronto, inahusu miaka 400 hadi 1700. Kazi yake hasa ni kukuonyesha nani ameandika nini na wapi. Anayeandika tasnifu ataihitaji, wengine hapana.

Ya mwisho: kozi za kulipia zenye cheti. Niliwahi kulipia moja. Wiki sita za slaidi na maswali ya kuchagua jibu, na hatukufunguliwa hata barua moja ya enzi zile. Iliniuma, kwa sababu pesa ile niliichanga. Sasa naomba kwanza orodha ya masomo ya kozi nzima. Nisipoona maandishi ya watu wa wakati ule, silipi.