Royal Enfield Interceptor 650: "bosi, pikipiki yako inamisi"

Hayo ndo maneno ya kwanza niliyoambiwa na fundi wa kijiweni kwetu Tabata siku nimeileta nyumbani hii mashine. Nimeiwasha nikaiacha inaunguruma, jamaa akaja akachuchumaa nyuma, akaweka kiganja mbele ya ekzosi ya kulia anasikilizia upepo, akahamia ya kushoto, akarudi ya kulia, halafu akainuka anajifuta mikono kwenye ovaroli. "Bosi, pikipiki yako inamisi, plagi moja haichomi hii, wamekupiga."

Sikumcheka, maana hata mi siku naenda kuikagua kwa mtu niliyeinunua mkononi kwake nilikuwa na wasiwasi huohuo. Ukishaendesha Boxer na TVS miaka na miaka sikio linazoea pistoni moja, tu tu tu tu, mdundo ulionyooka kama mashine ya kusaga. Hii inalia tu-tum, kimya kidogo, tu-tum, kimya kidogo, kama mtu anayechechemea, na wengi wakisikia hivo wanajua imeharibika. Haijaharibika wakuu, imeundwa hivo kwa makusudi na hiyo ndo sababu ya mi kuandika hii, kwasababu nimeshaikalia miezi nane na kilomita 9,000 na kila anayeniuliza ananiuliza inakimbia ngapi, hamna anayeuliza inajisikiaje.

Haraka haraka kwa wasioijua: CC 648, pistoni mbili zimesimama sambamba, inapozwa na upepo na oili, haina rejeta, gia sita, nguvu farasi 47. Kampuni ilianzia Redditch Uingereza ila saivi hizi zinatoka Chennai, India. Jina Interceptor sio jipya, miaka ya 1960 walikuwa nayo na ilikuwa pistoni mbili vilevile, halafu wakaja kukaa karibu miaka 50 wakijulikana kwa pistoni moja tu mpaka walipoionyesha hii Milan mwishoni mwa 2017. Hayo ya historia yanatosha.

Sa twende kwenye mlio. Chukulia kina mama wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, kila mchi ukishuka ndo plagi imechoma. Zile Triumph za zamani za Kiingereza, pistoni zote mbili zilikuwa zinapanda pamoja na kushuka pamoja ila zinachoma kwa zamu, kwahiyo mchi huu, mchi ule, nafasi sawasawa, mdundo mzuri kwa sikio ila mikono inakufa ganzi kwasababu pistoni zote zinafika juu na kugeuka kwa pamoja na ule mshtuko wote unaingia kwenye fremu. Kwenye Interceptor krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imekatwa digrii 270, yaani mchi wa kwanza unashuka, wa pili unawahi kidogo, digrii 270 baadae, halafu mnasubiri digrii 450 ndo wa kwanza anarudi. Hapo ndo kwenye ile tu-tum. Na faida yake ni kwamba pistoni moja ikiwa imefika juu inasimama igeuke, mwenzake yuko katikati ya safari anakwenda mbio, hawasimami pamoja hata siku moja, mtetemo mwingi unakufa wenyewe na unaobaki kuna shafti ya kusawazisha inaumalizia.

Hii sio akili ya Royal Enfield peke yao, Yamaha walishafanya hivo kwenye TRX850 ya mwaka 1995, na hata Africa Twin za sasa za Honda ni 270 vilevile. Ducati yenye pistoni mbili zilizokaa kama herufi V ya digrii 90 nayo inachoma kwa mpangilio huohuo, ndo maana ukifumba macho Interceptor ikipita unaweza kudhani ni V. Nimewahi kubishana na mtu mpaka akainama kuhesabu.

Barabarani sasa. Mi nilichotegemea ni kwamba nguvu ya mara nne ya Boxer itakuwa inanirusha, kumbe sio hivo. Inavuta. Tofauti ya kurusha na kuvuta utaielewa ukipanda Kitonga. Nilitoka Dar saa kumi na moja alfajiri, Chalinze, Morogoro, Mikumi pale kwa adabu maana barabara inakatiza hifadhini na twiga hana breki, chai Ruaha Mbuyuni, halafu mlima wenyewe. Mnajua Kitonga, malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga upande mmoja kuna ukuta wa jiwe upande mwingine bonde. Kwa pikipiki ndogo pale unahesabu gia, unashusha mbili unapiga resi mpaka inalia machozi, unaomba Mungu lori la juu lisitokee. Hii niliiacha gia ya tatu, resi kama 3,000 tu (mizunguko ya injini kwa dakika), nikaona nafasi, nikazungusha mkono kidogo, na nilichokisikia ni kila mchi unavosukuma tairi la nyuma, tu-tum tu-tum, unausikia kwenye mapaja na kwenye nyayo, ikalipita lori bila kupandisha sauti. Sikubadilisha gia mpaka nimefika juu. Wanasema sehemu kubwa ya msuli wake inapatikana kuanzia mizunguko 2,500 na kwa mlima ule naamini.

Nikirudi nyuma kidogo, pale Ruaha Mbuyuni kuna mzee anauza vitunguu aliniita. Shikamoo mzee, marahaba, akaizunguka pikipiki mara mbili. "Kijana, hii ina injini mbili?" Nikamwambia hapana mzee, injini ni moja ila ina pistoni mbili. Akaniomba niiwashe, akasikiliza kainamisha kichwa, akasema mashine ya kusaga ya kijijini kwao ilikuwa inalia hivihivi ikikaribia kuishiwa dizeli. Sasa hapo unajibu nini.

Utamu wake wote uko kati ya resi 3,000 na 5,000, ambayo kwa gia ya sita ni kama kilomita 80 mpaka 120 kwa saa, na 100 unaikuta kwenye kama 4,000 hivi. Na hii ndo hoja yangu kubwa kwa mazingira yetu. Zile pikipiki za pistoni nne za mashindano zinaanza kuchangamka ukiwa umeshavuka mwendo ambao trafiki mwenye tochi hatakuuliza hata jina, chini ya hapo zimepoa kama uji wa jana. Hii inachangamka kwenye 70 ukitoka kwenye tuta. Kila tuta kwangu ni starehe, unashuka 30, unapita, unafungua taratibu ukisikiliza ekzosi mbili zinavojibizana, na matuta kutoka hapa mpaka Iringa mnayajua yalivo mengi. Juu ya 130 inafika ila upepo unakupiga kifuani haina kioo, na mtetemo mwembamba unaanza kuingia kwenye vikanyagio, yaani inakwambia kistaarabu kwamba hapa sio kwao.

Niliwahi kuazimwa Africa Twin ya CC 1,000 kutoka Moshi mpaka Arusha na kurudi. Mpangilio uleule wa 270, nguvu mara mbili, ina rejeta, haina shida yoyote, lakini mdundo umefunikwa funikwa na mabomba na plastiki, unausikia kama ngoma ya nyumba ya tatu. Ni pikipiki bora kuliko yangu kwa kila kipimo na sikuitamani. Zile BMW za watalii nazo ni pistoni mbili ila zimelala moja kushoto moja kulia, zinarushiana ngumi, hiyo ndo injini inayoitwa boxer duniani kote, na ukipiga resi ikiwa imesimama inataka kulalia upande. Boxer yetu ya bodaboda haina hata bondia mwenzake wa kupigana nae.

Haya mabaya. Foleni ya Buguruni saa nane mchana hii kitu ni jiko la mkaa, inapozwa na upepo na upepo haupo, magoti yanaiva. Uzito kilo 202 bila mafuta, si mbali sana na Boxer mbili, ukiiegesha kwenye mteremko pua imeangalia ukuta utatafuta mtu wa kukusaidia kuitoa. Tangi la lita 13.7, mi napata kama kilomita 24 au 25 kwa lita, kwahiyo nikifika 250 naanza kutafuta sheli. Siti siwezi kuisemea, aliyeniuzia alishabadilisha.

Na la oili lisikilizeni vizuri kwasababu limenigharimu. Gereji moja mjini niliipelekea wanibadilishie oili nikakaa kwenye benchi nachezea simu, wakaniwekea oili ya gari, nzuri tu ya bei, ila ya gari. Klachi ya hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini na oili nyingi za gari zina dawa ya kulainisha zaidi. Siku ya tatu niko Kibaha nalipita basi, nafungua, resi inapanda, mdundo unaharakisha na pikipiki haiendi, iko palepale pembeni ya matairi ya basi. Nikarudi nyuma ya basi natetemeka. Kumwaga, kuweka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA2, kuendesha wiki nzima ndo klachi ikashika tena. Tangu siku hiyo kopo nabeba mwenyewe na nasimama naangalia likifunguliwa.

Kwa upande wa ufundi mwingine haina maringo. Tapeti zinarekebishwa kwa skrubu na nati, fundi mwenye fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na mkono mtulivu anamaliza bila kubomoa injini. Tairi za hii yangu zina tyubu, pancha unaziba popote.

Ukipata ya mkononi nenda asubuhi iwe baridi, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Iwashe, shika bomba zote mbili baada ya sekunde chache kabla hazijakuunguza, zote ziwe zinapata joto kwa pamoja, hapo ndo utajua kama kweli inamisi au inaongea tu. Mlio mdogo wa tapeti ikiwa baridi usikutishe. Fundi wangu wa Tabata nilimfanyisha zoezi hilohilo, akashika kulia, akashika kushoto, akanyamaza, akaomba funguo azunguke nayo mtaani mara moja. Alikaa dakika 40.