Kijani juu mpaka chini, na bado uongo

Nianze na haki ya programu hii, ya kugeuza mchoro kuwa msimbo: kuchora ni kutamu. Unachora hali za pampu, unabonyeza, msimbo wa lugha ya C unatoka umenyooka kama mkeka wa ukindu. Juu ya kila kipande imeandikwa namba ya hitaji kilikotoka, yaani jambo ambalo kidhibiti lazima kilifanye. Siku ya kwanza niliita ofisi nzima hapa Mlandege waje kutazama. Nikaahidi kuisifia. Haya, sifa zenyewe ndizo hizi.

Tunatengeneza kidhibiti cha pampu za visima. Hitaji namba 14: maji ya kisima yakishuka chini ya kipimo, pampu izime. Mtu wa pwani ya Unguja hahitaji kuelezwa kwa nini. Ukivuta kupita kiasi, bahari inaingia chini kwa chini, chai inakuwa ya chumvi.

Juzijuzi tukafuta hitaji namba 9, lilikuwa marudio ya namba 4. Basi. Kumbe programu hii haiwapi mahitaji kitambulisho cha kudumu, inahesabu mistari tu! Namba 15, la king'ora, likapanda likawa 14. Mchoro hatukuugusa, kwa hiyo msimbo ukabaki na namba zake za zamani. Ripoti yake, inayolinganisha mahitaji na msimbo, ikaona 14 huku, 14 kule, ikaridhika: kijani, asilimia 100. Hitaji la king'ora "limetimizwa" na msimbo wa kuzima pampu! Na kwa vile inakagua kutoka mahitaji kwenda msimbo tu, kurudi haikagui, kipande cha mwisho kilichobaki bila hitaji hakikuonekana. Kijana wetu ndiye aliyegundua, kwa bahati, akitafuta king'ora.

Nikawapigia wauzaji, bara. "Mzee, mwongozo umesoma lakini? Hizo namba ni mapambo tu, usizitegemee."

Mapambo! Mie nimenunua ufuatiliaji, sikununua shela ya bibi harusi. Wanaoandika programu za ndege kwa DO-178C, kiwango cha usalama wa programu hizo, wanabanwa waonyeshe msimbo umetoka hitaji gani na hitaji limeishia wapi, kwenda na kurudi. Kawaambie wao ni mapambo. Na hiyo "mzee" nayo, miaka arobaini na moja!

Nilikusudia nyota tatu. Mbili, basi. Hapana, moja, ya mchoro, maana mchoro kweli ni mzuri, na huenda nikalipia tena kwa ajili yake, Mungu anisamehe. Kijana wetu sasa anabandika vitambulisho kwa mkono, KISIMA-CHINI, KING'ORA, kimoja kimoja. Namsikia hapo nyuma anasonya.