Tales of Terror (1962): kaicheki hata kwa ajili ya hadithi ya paka peke yake

Muvi za kutisha za mkusanyiko, zile unapewa hadithi tatu au nne fupi ndani ya muvi moja, zina ugonjwa wao ambao haujawahi kupona: kuna moja kali, kuna moja ya kawaida, na kuna moja unaiangalia huku unacheki saa. Tales of Terror ya mwongozaji Roger Corman inaumwa huo huo. Ila ile kali yake bana ni kali kweli, nimeirudia mara kibao na bado nacheka sehemu zile zile, afu bado naogopa sehemu zile zile.

Kama huijui kabisa, hadithi zote zimetoka kwa Edgar Allan Poe, yule Mmarekani aliyefariki 1849, na aliyezigeuza kuwa skripti ni Richard Matheson, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi wa maana wa hadithi za kutisha. Vincent Price yumo kwenye zote tatu, kila moja mtu tofauti, na kila hadithi kabla haijaanza unasikia sauti yake ikikuongelea habari za kifo kwa utulivu ambao si wa kawaida. Hii ilikuwa ya nne kwenye mlolongo wa muvi za Poe ambazo Corman alizifanya na kampuni ya American International Pictures, zilizotangulia ni House of Usher ya 1960, Pit and the Pendulum ya 1961 na The Premature Burial ambayo ni ya 1962 pia.

Sasa kwa nini wakaamua kukata vipande vitatu? Nadhani jibu liko kwenye hadithi zenyewe. Poe aliandika vitu vifupi, vingine kurasa chache tu, na ukitaka kutoa muvi ya saa moja na nusu humo inabidi ubuni ukoo mzima. Ile Pit and the Pendulum kwenye maandishi ni mtu mmoja kwenye selo ya gereza na hofu yake, basi, ila kwenye muvi wakaweka mke, shemeji, kasri, siri za baba, mpaka ukifika kwenye lile shoka linalobembea muvi inakaribia kuisha. Hapa zote tatu kwa pamoja ni kama dakika 89, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuzungukazunguka.

Ila ufupi huo umeiumiza Morella, ambayo ndo ya kwanza na ndo dhaifu. Price ni Locke, mzee mlevi anayeishi peke yake kwenye jumba lililojaa tandabui, binti yake Lenora anarudi baada ya miaka 26, mama alifariki baada ya kumzaa na baba akawa anamlaumu mtoto. Maiti ya mama bado iko kitandani humo ndani, imekauka. Unaona ilivyo na malighafi nzuri? Afu inakimbizwa. Baba na binti ndo kwanza wanaanza kuelewana, tena hapo kuna dakika mbili tatu nzuri sana, Lenora anamwambia baba yake kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa na hana muda mrefu na Price anabadilika sura taratibu, nikasema haya sasa twende, kumbe ndo mzimu wa mama unaingia, nyumba inashika moto, kwisha. Na huo moto wenyewe kama umeangalia House of Usher utautambua, ni mikanda ile ile imerudishwa kazini. Corman alikuwa mtu wa kubana matumizi na hakuona aibu. Hadithi ya Poe ya 1835 inatisha kwa njia nyingine kabisa: mtoto anakua hana jina, baba anaogopa kumpa, siku ya ubatizo inamponyoka midomoni jina la marehemu na mtoto anaitika kwamba yupo hapa, anaanguka. Hiyo tu ingetosha, sijui kwa nini waliiacha.

Haya, tuje kwenye paka.

The Black Cat hapa imechanganywa na The Cask of Amontillado, hadithi mbili za kuzika mtu ukutani zikawa moja, na Matheson badala ya kuifanya nzito zaidi akaifanya kichekesho. Peter Lorre ni Montresor, mlevi asiye na kazi, mfupi, mnene, macho yamemtoka, anamchukia paka wa mke wake na anamnyang'anya mke hela anazopata kwa kushona nguo. Mke anaitwa Annabel, jina ambalo wasomaji wa mashairi ya Poe watalikamata haraka, na Joyce Jameson anamcheza vizuri, unamwonea huruma hata kabla mambo hayajaharibika. Siku hana hela anajikuta kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa mvinyo, na pale yupo Fortunato, ndo Price huyo, bingwa wa kuonja mvinyo, na mlevi wetu anampa changamoto mbele za watu.

Hiyo sini ya kuonja, nisikilizeni. Price anavuta harufu, anafumba macho, anapiga funda dogo, anajaza mashavu, midomo inachezacheza kama ya samaki, anainua nyusi, ndo anatamka shamba na mwaka kwa madaha yote. Lorre anachukua kikombe, anakimimina chote kooni, anafuta mdomo na kutaja shamba na mwaka, yuko sahihi. Kikombe kinachofuata hivo hivo. Kadiri zamu zinavyokwenda Price anazidi madoido na Lorre anazidi kulewa, ila hakosei hata kimoja, na uso wa Price pale anapoanza kugundua kwamba huyu mchafu ana ulimi wa dhahabu ni somo la uigizaji. Price mwenyewe alisimulia baadaye kwamba waliletewa mtaalamu wa kuonja mvinyo awafundishe, yeye akafanya alivyofundishwa na kuongeza chumvi kidogo, Lorre akafanya kinyume chake kabisa. Inaonekana kabisa watu wanajisikia raha kazini.

Kuanzia hapo kuna spoila, japo hadithi yenyewe ina miaka karibu mia mbili. Fortunato anamsindikiza mlevi nyumbani, anamwona mke, mambo yanaanza. Montresor anakuja kushtuka kwamba kila akienda kulewa kuna mtu anampa mkewe kampani, na hasira yake haiji kwa kelele, inakuja kwa upole, na ukiona Lorre amekuwa mpole ujue kumeharibika. Anamkaribisha mgoni wake kinywaji, amontillado (aina ya mvinyo) iliyotiwa dawa, jamaa anazinduka amefungwa minyororo chumba cha chini ya nyumba, na mwenye nyumba ana matofali na mwiko, anajenga. Mke tayari ni maiti. Sini hii ungetegemea ucheshi ukome lakini haukomi, na ndo maana inatisha, maana Price anaendelea kuwa yule yule wa madoido huku ukuta unapanda.

Kitu nilichokipenda zaidi ni jinsi walivyopindua majukumu. Kwenye hadithi ya 1846 mlevi ni Fortunato, amevaa nguo za mchekeshaji, na muuaji ni bwana mkubwa mtulivu anayelipiza matusi ambayo hata hatuambiwi ni yapi. Hapa mlevi ndo muuaji, na yule mwenye staha ndo anaibia mke wa mtu. Kwa hiyo unajikuta huna upande, wote wawili hawafai, na bado unawapenda wote wawili. Kuna na ndoto moja ya Montresor, picha imepindishwa na kuvutwa mpaka watu wanaonekana wameyeyuka, mke na hawara wanarushiana kichwa chake kama mpira. Wengine wanaiona imezidi, mi naona ni sawa kabisa na kichwa cha mtu mwenye pombe nyingi na dhambi nyingi.

Na kwa wanaopenda paka, msiwe na wasiwasi, ule ukatili wa hadithi ya 1843 ambapo msimuliaji anamtoboa paka jicho na baadaye kumnyonga haumo. Paka wa humu ndo mshindi. Polisi wanakuja, Montresor anajisifia kuta zake, na kutoka ndani ya ukuta unasikia kilio. Unakijua kinachokuja na bado.

Ya tatu, The Case of M. Valdemar, inarudi kwenye uzito. Price ni Valdemar, anaumwa maumivu makali na anakufa, na Basil Rathbone, ndo yule Sherlock Holmes wa muvi za 1939 mpaka 1946, ni Carmichael, mtaalamu wa kumlaza mtu usingizi kwa hipnosi akiwa na taa inayozunguka na kumulika rangi. Anampunguzia maumivu bure, malipo yake ni moja tu, amruhusu amlaze usingizi dakika ile ile anapokata roho, aone itakuwaje. Inakuwa hivi: mwili unakufa, sauti inabaki. Valdemar amelala pale, midomo haifanyi kazi ya kawaida, na sauti inatoka mbali inaomba iachiwe iende. Carmichael hamwachii, maana amemtaka mke wa marehemu, Debra Paget, na roho ya mumewe ndo rehani yake.

Hapo mimi na Matheson tunapishana. Kwenye maandishi ya 1845 anayemlaza mgonjwa hana ubaya wowote, ni mtu mdadisi tu, anamweka Valdemar kwenye hali ile karibu miezi saba kwa sababu anataka kujua, na hilo linanitisha kuliko mzee mwenye tamaa ya mjane. Poe aliitoa bila kusema kwamba ni ya kubuni, imeandikwa kama ripoti ya daktari, na kuna wasomaji wa wakati ule walioamini ni kweli. Muvi ilikuwa inahitaji mtu mbaya, sawa, Rathbone anaifanya kazi hiyo kwa baridi ya ajabu, ila kitu fulani kimepungua. Mwisho wake hata hivyo hauna deni: Valdemar anainuka kitandani na anamfuata Carmichael huku uso unateremka. Ukiisimamisha picha utaona ni mekapu ya kizamani, usiisimamishe.

Kwa macho ya leo inapendeza kuliko bajeti yake. Floyd Crosby ndo alishika kamera, mtu aliyekuwa na Oscar ya upigaji picha kwa muvi ya Tabu ya 1931, na majumba aliyoyabuni Daniel Haller, mtu wa seti, yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Imepigwa kwa skrini pana, kwa hiyo ukikuta nakala imekatwa pembeni ikawa ya mraba achana nayo, sini ya mvinyo inategemea kuwaona Price na Lorre kwa pamoja, mmoja akifanya na mwingine akimwangalia. Kasi ni ya taratibu, damu ni kidogo, vitu vya kukurusha kwenye kiti ni vichache mno. Aliyezoea muvi za sasa atapata shida na ile ya kwanza, mwambie aanze na ya pili, zinajitegemea, haina madhara.

Inasemekana sana, na ukiangalia unaamini, kwamba vicheko vya hadithi ya paka ndo vilivyowafanya Corman na Matheson wageuze The Raven ya 1963 kuwa komedi nzima. Ukimaliza hii na bado unamtaka Lorre, ifuate hiyo. Humo anaanza akiwa kunguru, kunguru mwenye matusi anayedai mvinyo, na mtoto wake ni Jack Nicholson, kijana kabisa, kabla hajawa staa.