Kuhesabu Siku Mbele za Mungu: Tathmini ya Mwongozo wa Sala Tisa za Biblia

Mwongozo huu mdogo wa masomo tisa umekusanya sala za Biblia ambazo waombaji wake wanauona ufupi wa maisha na kuipeleka hofu hiyo kwa Mungu mwenyewe. Niliufungua wiki chache baada ya kumzika dada yangu, nikiwa natafuta maneno ya kuombea, na mara nyingi niliyapata. Kila somo lina andiko lenyewe, maelezo mafupi, na ukurasa mtupu ambao msomaji ataandika sala yake.

Somo la Zaburi ya 39 ndilo linaloubeba mwongozo mzima. Daudi anajizuia asiseme, moyo unawaka ndani yake, na hatimaye anamwomba Mungu amjulishe kiasi cha siku zake. Maelezo yanatukumbusha kwamba siku hizo, ambazo katika Biblia yetu ni mashubiri, kwa Kiebrania zinapimwa kwa kipimo kidogo zaidi, yaani upana wa vidole vinne. Neno la zaburi hiyo lililotafsiriwa kuwa ubatili maana yake ya asili ni pumzi au mvuke. Ndilo linalorudiwa katika Mhubiri, na ndilo jina la Habili, mtu wa kwanza kufa katika Biblia. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mwandishi hakuuficha mstari wa mwisho, ambapo Daudi anamsihi Mungu aondoe macho yake kwake apate kupumua kabla hajaondoka asiwepo tena. Mafundisho mengi niliyosikia huishia kabla ya hapo. Nilikaa na mstari huo siku tatu, kwa sababu ulinionyesha kwamba hata sala isiyo na faraja ndani yake bado ni sala.

Masomo ya Ayubu na Hezekia ni mafupi lakini yamepangwa vizuri, kwa kuwa wote wawili wanazungumza lugha ya mfumaji. Ayubu anasema siku zake zinakwisha pasipo tumaini, na neno la Kiebrania la tumaini laweza pia kumaanisha uzi. Mfalme Hezekia, akikumbuka ugonjwa wake, anajiona kama kitambaa kinachokatwa, ingawa baadaye aliongezewa miaka 15.

Zaburi ya 90 ndipo mwongozo unapopungukiwa. Ombi la Musa, "utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima", limegeuzwa kuwa somo la kupanga ratiba, na ukurasa wa sala umejazwa jedwali la saa za juma. Kumbukumbu la Torati linasema Musa alikufa akiwa na miaka 120, lakini katika sala hii anataja miaka 70, au 80 mtu akiwa na nguvu. Hata hivyo hatoi ushauri wowote wa kutumia muda vizuri. Anaanza kwa kumwita Mungu makao yetu kizazi baada ya kizazi, na mara baada ya kuomba hekima anamsihi arudi, awashibishe watu wake kwa fadhili asubuhi, kisha anaomba mara mbili kwamba kazi ya mikono yao ithibitishwe. Mistari hiyo mitano ya mwisho, ambayo ndiyo jibu la kilio chote, imepewa sentensi moja tu. Hilo lilinihuzunisha.

Masomo mawili ya mwisho, Zaburi ya 27 na ya 63, yanarudisha mambo mahali pake. Katika ile ya kwanza moyo unautafuta uso wa Mungu kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuita. Katika ile ya pili Daudi, akiwa na kiu katika jangwa la Yuda, anasema kwamba fadhili za Mungu ni njema kuliko uhai, na mwandishi ameona vema uzito wa maneno hayo yanapotoka kinywani mwa mtu anayejua kwamba uhai wenyewe ni mfupi.

Ninaupendekeza kwa yeyote aliyefiwa, na kwa kikundi kidogo cha maombi, mradi Biblia iwe wazi kando yake na Zaburi ya 90 isomwe yote kwa sauti kabla ya maelezo. Ukurasa wangu wa Zaburi ya 39 umejaa. Sala yangu ya Zaburi ya 90 niliiandika pembezoni mwa jedwali.